Upasuaji wa tezi dume kwa roboti: mwongozo kamili kwa mgonjwa wa Dar es Salaam na familia yake

Baba yangu mdogo aliziba mkojo saa nane usiku, nyumbani kwake Mbagala, baada ya kumeza vidonge vya mafua alivyonunua duka la dawa. Kwa miaka mitatu alikuwa akiamka usiku mara nne, mara tano, na hakumwambia mtu. Mkewe alidhani ni kisukari. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji akiwa amejikunja, jasho linamtoka. Alipowekewa mpira wa kutolea mkojo, ukatoka mkojo zaidi ya lita moja. Kulipopambazuka kikao cha familia kilikuwa kimeshaanza kwenye simu, na hoja ya kwanza ilikuwa kiwanja cha Chanika: kiuzwe, mzee apelekwe India akafanyiwe upasuaji wa roboti.

Kiwanja hakikuuzwa. Ultrasaundi ilionyesha tezi ya sentimita za ujazo 46, na tezi ya ukubwa huo haina haja ya roboti. Mwongozo huu nauandika kwa sababu ya kikao kile. Wapo wagonjwa ambao roboti inawafaa sana, na nitaeleza ni akina nani na kazi yenyewe inavyofanyika. Ila kabla hujauliza bei yake, jua ukubwa wa tezi yako, hali ya kibofu chako na hali ya figo zako.

Kwanza, elewa kinachokusumbua

Tezi dume imekaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kwa kijana ina ukubwa wa ndimu ndogo, sentimita za ujazo 20 hadi 25. Kadiri umri unavyosogea, sehemu ya ndani ya tezi hukua na kuubana mrija. Wanaume wapatao nusu huwa na ukuaji huo wanapofika miaka 60, na wengi zaidi wanapovuka 80. Ukuaji huu si saratani, wala haugeuki kuwa saratani. Lakini mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja, ndiyo maana vipimo havirukwi.

Kwa mwezi mzima jichunguze kwa maswali saba ambayo madaktari duniani kote wanayatumia. Je, ukimaliza kukojoa unahisi mkojo umebaki? Unarudi chooni kabla ya saa mbili kupita? Mkojo unakatika na kuanza tena? Ukibanwa unashindwa kujizuia? Mkondo umekuwa dhaifu? Unalazimika kujikamua ili mkojo uanze? Na usiku unaamka mara ngapi? Kila swali lina alama 0 hadi 5. Jumla ya 0 hadi 7 ni dalili nyepesi, 8 hadi 19 ni za kati, 20 hadi 35 ni kali. Andika jumla yako kwenye karatasi uende nayo kwa daktari. Mzee akiulizwa ana kwa ana hujibu "naendelea vizuri tu", lakini karatasi haimwonei daktari haya.

Damu kwenye mkojo ina habari yake. Huku kwetu inaweza kuwa kichocho, mawe, maambukizi, tezi au saratani ya kibofu. Ukiiona hata mara moja, nenda kapimwe, hata kama haiumi na hata kama imekoma yenyewe.

Pili, fanya vipimo kwa mpangilio

Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa: Amana, Temeke au Mwananyamala, kutegemea unakoishi. Omba barua ya rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Hospitali ya Taifa Muhimbili, kule Upanga na kule Mloganzila, inapokea rufaa hizo. Barua hiyo usiidharau, maana wenye bima wengi hurudishwa getini kwa kuikosa.

Daktari atakupima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Hapa ndipo wazee wetu wengi wanapokimbilia dawa za mitishamba zinazotangazwa kwa vipaza sauti. Nasema kwa heshima zote: kipimo hiki huchukua chini ya dakika moja, hufanyika faraghani, na kinaweza kugundua uvimbe mgumu ambao hakuna dawa ya chupa itakayoutambua. Baba mdogo alikikataa mara mbili. Mara ya tatu alitoka akisema, "Kumbe ndiyo hivyo tu?"

Vipimo vingine ni mkojo wenyewe, kuotesha mkojo maabara ili kujua vijidudu kama kuna maambukizi, kreatinini ya damu kuangalia figo, sukari na PSA, yaani kipimo cha damu cha protini inayotengenezwa na tezi dume, ambacho hutumika kutafuta dalili za saratani. Kuhusu PSA kuna mambo matatu ambayo mara nyingi hayasemwi dirishani. Maambukizi ya mkojo au kuwekewa mpira hupandisha kipimo hiki, kwa hiyo subiri wiki kama sita ndipo ukirudie. Siku mbili kabla ya kupima, usishiriki tendo la ndoa. Na kama umetumia finasteride au dutasteride, dawa za kupunguza tezi, kwa miezi sita au zaidi, PSA yako hushuka kwa karibu nusu. Mwambie daktari aizidishe mara mbili, usije ukafurahia namba ya uongo.

Halafu ultrasaundi. Omba mambo matatu yaandikwe: vipimo vya tezi kwa pande tatu, kiasi cha mkojo unaobaki baada ya kukojoa, na kama figo zimejaa maji. Ukubwa wa tezi unaweza kuupiga hesabu mwenyewe. Zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote kwa sentimita, kisha zidisha kwa 0.52. Tezi ya 5.8 kwa 5.2 kwa 6.0 inakuwa na sentimita za ujazo 94. Namba hiyo moja itaamua mengi yanayofuata, kwa hiyo ihifadhi kwenye simu yako na ya mwanao.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu: mrija wa mkojo kuwa mwembamba kwa sababu ya kovu, mara nyingi lililotokana na kisonono cha zamani, ajali au mpira uliowekwa vibaya. Mwenye tatizo hilo akifanyiwa upasuaji wa tezi, mkojo utabaki vilevile. Kama umewahi kuugua kisonono ujanani, mweleze daktari, hata miaka 40 ikiwa imepita.

Dawa zina nafasi yake

Wenye dalili za kati wengi huanza na tamsulosin au dawa ya aina hiyo, ambayo hulegeza misuli na kuonyesha nafuu ndani ya siku au wiki chache. Inaweza kuleta kizunguzungu unapoinuka ghafla, na ukienda kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwambie daktari wa macho kwamba unaitumia. Finasteride hupunguza tezi yenyewe lakini huhitaji miezi sita kabla ya kuihukumu.

Punguza chai na kahawa ya jioni pale barazani, lakini usijinyime maji mchana kutwa kwa hofu ya kukosa choo kwenye daladala. Kwa joto la Dar mkojo mzito huongeza maambukizi na mawe. Kunywa mchana, punguza saa mbili au tatu kabla ya kulala. Na usinunue dawa za mafua bila kusema una tezi: zile za kuzibua pua na nyingine za kukausha makamasi hukaza njia ya mkojo au kulegeza kibofu.

Tatu, pima kama umefika kwenye upasuaji

Upasuaji hausubiri ukiona haya: mkojo umeziba na majaribio ya kutoa mpira yameshindwa, maambukizi yanajirudia, kuna mawe ndani ya kibofu, damu inarudi mara kwa mara, au figo zimeanza kuharibika kwa sababu ya mkojo kurudi juu. Zaidi ya hapo ni mgonjwa ambaye dawa zimeshindwa na amechoka.

Sasa angalia ile namba ya ukubwa.

Tezi ya kati, kama 30 hadi 80, kwa kawaida hukwanguliwa kupitia njia ya mkojo, bila kidonda tumboni. Madaktari wetu wanauita TURP. Ni upasuaji uliozoeleka kwa miongo mingi na ndio aliofanyiwa baba mdogo. Tezi inapozidi 80, kukwangua kunachukua muda mrefu na damu hupotea zaidi, na hapo njia ni tatu. Ya kwanza ni kupasua tumbo chini ya kitovu na kuitoa sehemu iliyokua kwa mkono. Ni njia ya zamani, inafanya kazi vizuri sana, ila damu nyingi hupotea na kulazwa kunakuwa kwa siku nyingi. Ya pili ni leza kupitia njia ya mkojo, inayoweza kutoa hata tezi kubwa mno, kama daktari amefunzwa kweli. Ya tatu ndiyo roboti.

Mimi naona roboti inastahili gharama yake kwa mgonjwa mwenye tezi kubwa, hasa aliye pia na mawe makubwa au mfuko uliotuna pembeni ya kibofu, kwa sababu yote hurekebishwa kwa safari moja. Inamfaa pia ambaye nyonga zake zimekakamaa hawezi kulala miguu ikiwa imeinuliwa. Kwa tezi ya 50, ukiambiwa roboti ndiyo lazima, tafuta maoni ya daktari wa pili.

Kuna jambo linalochanganya familia nyingi hata zinapoongea na mawakala wa matibabu ya nje. Upasuaji wa roboti kwa saratani ya tezi dume hutoa tezi yote pamoja na vifuko vya manii. Kwa tezi iliyokua tu, hutolewa nyama ya ndani na ganda hubaki, kama kumenya chungwa kinyumenyume. Ni upasuaji wa aina mbili tofauti, wenye hatari tofauti. Hakikisha kwenye makadirio ya bei umeandikwa ule unaouhitaji.

Roboti hufanya nini hasa

Roboti haipasui yenyewe. Daktari bingwa hukaa kwenye meza yake ndani ya chumba hichohicho, anatazama picha ya pande tatu iliyokuzwa, na kila anavyosogeza vidole ndivyo vifaa vinavyosogea ndani ya tumbo. Vifaa hivyo hupinda kama kiwiko cha mkono, hata kuzidi, na mtikisiko wa mkono huchujwa. Mashine ya roboti iitwayo da Vinci iliruhusiwa Marekani mwaka 2000, na ripoti ya kwanza ya kutumia roboti kutoa tezi kubwa isiyo na saratani ilichapishwa 2008 na timu ya daktari René Sotelo wa Venezuela.

Utalazwa kwa nusu kaputi. Kitanda huinamishwa kichwa kikiwa chini ili utumbo usogee. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi, kisha hutobolewa matundu madogo matano au sita, mengi yakiwa ya milimita nane hivi. Daktari hufungua kibofu au ganda la tezi kwa mbele, anatenganisha nyama iliyokua, anazuia damu, anashona, anaacha mpira. Nyama huwekwa ndani ya mfuko na kutolewa kupitia tundu moja linalopanuliwa kidogo. Kazi yote huchukua saa mbili hadi nne.

Kwa sababu ya kulala kichwa chini kwa muda huo, presha ya macho hupanda. Mwenye ugonjwa wa presha ya macho aonwe na daktari wa macho kwanza. Mwenye moyo uliochoka, mapafu mabovu, au aliyepasuliwa tumbo mara nyingi, aseme mapema. Anaweza kushauriwa njia nyingine, na ushauri huo ni wa kumlinda.

Nne, mahali na pesa

Kwa familia nyingi za Dar, roboti bado humaanisha safari, mara nyingi India, na Afrika Kusini nako mashine hizi zipo. Muulize kwanza daktari wako bingwa kama kuna mahali karibu, maana huduma hubadilika. Ukipata hospitali, ndani au nje, usiulize tu "bei gani". Uliza hivi, na majibu yaje kwa maandishi:

- Daktari atakayenipasua amefanya mara ngapi upasuaji huu wa tezi isiyo na saratani kwa roboti, na ni yeye mwenyewe atakayekaa kwenye meza?
- Bei inajumuisha vifaa vya roboti vinavyotumika na kutupwa, nusu kaputi, kitanda, dawa, kipimo cha maabara cha nyama iliyotolewa na kutoa mpira?
- Nikikaa siku za ziada au nikihitaji chumba cha uangalizi maalumu, nalipa kiasi gani kwa siku?
- Roboti ikishindikana katikati, mtafungua tumbo, na bei itakuwaje?

Bima iulizwe kabla, na idhini iwe ya maandishi. Usikubali neno la mdomo la mtu wa mapokezi.

Anayesafiri apange bajeti ya wiki mbili hadi tatu, yeye na msindikizaji: chumba karibu na hospitali, chakula, visa ya matibabu ya wote wawili, na masharti ya chanjo ambayo ubalozi utamwambia. Kabla hujaondoka Dar, mpate daktari wa hapa aliyekubali kukupokea ukirudi. Nimeona wazee waliorudi na bahasha nzuri yenye nembo ya hospitali na hawana mtu wa kumwonyesha. Unaporudi uwe na ripoti ya upasuaji, majibu ya kipimo cha nyama, na orodha ya dawa. Ndege usipande mpaka daktari aliyekupasua akuruhusu. Kukaa saa nyingi bila kutembea baada ya upasuaji huweza kugandisha damu miguuni.

Tano, wiki za maandalizi

Maambukizi ya mkojo yatibiwe kwanza yaishe. Presha na sukari zishushwe. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama aspirini, klopidogreli na warfarini, zina maelekezo yake: zipo zinazosimamishwa siku kadhaa kabla na zipo zinazoendelea, kwa hiyo usiache wala usiendelee bila daktari kusema. Dawa za mitishamba nazo zitaje zote. Acha sigara hata kama zimebaki wiki chache.

Hapa kwetu ndugu huombwa kuchangia damu. Roboti hupunguza upotevu wa damu ukilinganisha na kufungua tumbo, lakini damu ya akiba huandaliwa, basi vijana wawili au watatu wa ukoo wajiandae wiki moja kabla, wasitafutwe asubuhi ya upasuaji.

Kuna mazungumzo ya mzee na mkewe, na naomba yafanyike kabla ya fomu ya ridhaa kusainiwa. Baada ya upasuaji wa aina hii, iwe roboti, kukwangua au leza, wanaume wengi hufikia kilele lakini manii hayatoki. Hurudi kwenye kibofu na kutoka na mkojo. Raha hubaki, na nguvu za kiume kwa wengi hubaki kama zilivyokuwa. Ila uwezo wa kupata mtoto kwa njia ya kawaida hupungua sana. Mzee anayetarajia mtoto na mke mdogo aseme wazi. Nimemsikia mama mmoja akilia kwamba mumewe ana mwanamke nje "ndiyo maana hakuna kitu", kumbe hakuna aliyewaeleza.

Usiku wa kuamkia upasuaji, chakula kisimame angalau saa sita kabla, na maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa mbili kabla. Fuata saa utakayopewa na mtu wa nusu kaputi.

Sita, wodini na nyumbani

Ukizinduka utakuta mpira, pengine mrija mdogo wa kutoa majimaji tumboni, na mkojo mwekundu. Wekundu kama juisi ya rozela iliyozimuliwa ni wa kawaida; mzito wenye mabonge unahitaji nesi mara moja. Bega linaweza kuuma kwa sababu ya gesi. Siku hiyohiyo au kesho yake utaombwa usimame na kutembea. Kubali, hata kwa kushikwa mkono. Wengi hutoka hospitali baada ya siku moja hadi tatu, na mpira hutolewa ndani ya wiki moja hivi.

Nyumbani mfuko wa mkojo uwe chini ya kiuno muda wote, usilale juu ya mrija, osha ncha kwa maji na sabuni kila siku. Kunywa maji kama lita mbili isipokuwa daktari wa moyo au figo amekukataza. Choo kigumu ni adui wa kidonda, kwa hiyo papai, mboga za majani, na dawa ya kulainisha ukipewa. Kwa wiki sita usibebe ndoo ya lita 20, gunia wala mjukuu, na bodaboda iache kabisa. Tendo la ndoa lisubiri wiki nne hadi sita.

Mpira ukitoka, wiki za kwanza mkojo unaweza kukuwahi kabla ya kufika chooni. Fanya zoezi la kubana misuli kama unayezuia mkojo, hesabu hadi tano, achia, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Wengine, hasa waliokaa na mkojo ulioziba kwa muda mrefu, kibofu chao kimeshachoka na huchelewa kurudi. Wachache huhitaji mpira kwa muda zaidi. Hili huwaumiza wazee wanaodhani upasuaji umeshindikana.

Rudi hospitali usiku huohuo kama mpira hautoi mkojo na kibofu kinauma, mabonge ya damu yanatoka, homa imefika 38, tumbo linavimba, mguu mmoja umevimba na kuuma, au pumzi inabana. Usisubiri asubuhi wala foleni ya Barabara ya Kilwa ipungue.

Mwisho wa ratiba, si wa ufuatiliaji

Baada ya wiki sita hivi kafuate majibu ya kipimo cha nyama. Mara chache huonekana saratani ndogo ambayo haikujulikana. Ganda la tezi limebaki mwilini, na saratani nyingi za tezi dume huanzia kwenye ganda hilo, kwa hiyo kupima PSA kunaendelea. PSA huwa imeshuka sana. Kipimo cha miezi mitatu baada ya upasuaji kiandike mahali pa kudumu, maana ndicho utakacholinganisha nacho kila mwaka, na kikianza kupanda daktari aone zile namba zote mbili.